Nyavu tunazipata, ndege inapoteaje?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi mvuvi hapa Kibirizi, Kigoma. Nyavu zikizama ziwani tunaburuza nanga mpaka tunazinasa, sasa hawa wenye setilaiti na maroboti wameshindwaje kuipata ile ndege ya Malaysia ya 2014 yenye watu 239? Kila wakitafuta hola. Naona kama kuna kitu wanaficha.

JIBU: Marahaba mwanangu. Inaniuma na mimi, hasa nikiwaza wale ndugu ambao hata kaburi la kwenda kusomea dua hawana. Lakini nyavu zako ulijua umezitega wapi, na hapo ndo penye kazi yote. Ndege hiyo, MH370, ilinyamaza usiku wa tarehe 8 Machi, kilichobaki ni ishara chache ilizokuwa inajibizana na setilaiti kila baada ya saa moja hivi, na hizo hazikupi nukta, zinakupa mstari mrefu uliopinda kusini mwa Bahari ya Hindi, basi. Wakapekua kilomita za mraba 120,000 mpaka Januari 2017, mwaka uliofuata kampuni ya Ocean Infinity ikapekua eneo jingine kubwa karibu hivyohivyo, wapi! Na setilaiti haioni chini ya maji, kule wanatumia sona, yaani unapiga sauti unasikiliza mwangwi, tena kwenye kina cha mita 4,000 kwenye milima na makorongo, wakati Tanganyika yetu yote hii haifiki 1,500.

Chukua ile ndege ya Air France iliyoanguka baharini Juni 2009, watu 228. Pale mahali pa mwisho palijulikana kabisa na bado ilichukua karibu miaka miwili, maana walipita wakisikiliza mlio wa visanduku vyeusi, yaani vile vinasa kumbukumbu za safari ya ndege, hawakusikia kitu, wakahesabu eneo limeisha. Kumbe ndege ilikuwa humohumo, kilomita kama 12 tu kutoka mahali pale pa mwisho! Kwa hiyo mi nikisikia "tumeshapekua pale" siridhiki, nauliza mlipekua kwa kifaa gani.

Kuhusu kuficha, hapo nakukatalia. Kipande cha bawa kiliokotwa hapahapa kwetu, Pemba, 2016, kikathibitishwa ni cha ndege hiyo, na ramani za sakafu ya bahari Australia waliziweka wazi kila mtu azione. Kinachonikera ni huku kusimamasimama, wanatafuta wanaacha, miaka inakatika, na wazazi wengine wanazeeka wakisubiri simu.