Barua kwa mwanangu wa Nachingwea: kabla hujalipia shahada ya mtandaoni

Mikindani, Mtwara

Mwanangu,

Hapa sote wazima, bibi yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza mawili: kwa hiyo diploma yako ya uhasibu usome shahada ya kompyuta au ya fedha, na kama ni kweli lile tangazo linalosema chuo cha Marekani kitakupokelea krediti 90, yaani vipimo vya masomo uliyokwisha kusoma, ubaki kulipia robo tu.

Hiyo 90 ipo, ila ni kikomo, mama, si ahadi. Shahada ya kwanza kule huwa krediti 120, na vyuo vingi hutaka angalau 30 uzisomee kwao wenyewe. Ndipo inapotoka 90. Tangazo halikukwambia diploma yako ina thamani gani, na hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Anza na krediti zenyewe. Krediti yetu moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Ya Marekani ni kama saa 45: saa moja darasani na mbili za kujisomea kila wiki, kwa wiki 15. Somo lako lililoandikwa krediti 12 ni saa 120, kwa hiyo halifiki hata krediti 3 za kwao. Anayethamini vyeti ana kanuni zake, lakini usije ukajumlisha namba za transkripti yako ukashangilia.

Halafu kuna tofauti ambayo wengi wanaijua wameshalipa: krediti kupokelewa ni jambo moja, kuhesabika kwenye shahada ni jingine. Tuseme tathmini ya vyeti vyako imekupa krediti 54. Kati ya hizo, 36 zinalingana na masomo ya lazima ya shahada uliyochagua. Zilizobaki 18 zinaingizwa kwenye masomo ya kujichagulia, na nafasi yake ni krediti 12 tu. Sita zimepotea. Zilizohesabika ni 48, bado 72, yaani masomo 24 ya krediti tatu tatu. Kumi kati ya hayo ni lazima uyasomee chuoni kwa ada kamili. 14 ndiyo unayoweza kuyatafuta kwa bei nafuu. Hesabu ya aina hii uiandike kwa kila chuo unachokifikiria, kwenye karatasi moja moja, ndipo ulinganishe. Chuo chenye ada ndogo kwa krediti kinaweza kuwa ghali kuliko jirani yake kwa sababu kimetupa masomo yako mengi.

Na uulize krediti za ngazi ya juu, zile za mwaka wa tatu na wa nne. Chuo huweka kiwango chake, na masomo ya diploma karibu yote huingia ngazi ya chini. Mtu anaweza kuwa na 85 mkononi na bado akadaiwa masomo mengi.

Kwa sababu hiyo, kwako wewe nasema fedha. Kanuni za uhasibu, uchumi, takwimu, sheria ya biashara: haya yote yana mahali pa kukaa kwenye shahada ya fedha. Ukienda kompyuta, mengi yataangukia masomo ya kujichagulia. Tena masomo ya kompyuta yamefungana kama nyavu za samaki: huwezi kugusa somo la miundo ya data kabla ya somo la kwanza na la pili la kuandika programu, wala algorithimu kabla ya miundo ya data, na pembeni kuna hisabati. Hata ukiwa na pesa yote leo, mnyororo huo hauruki. Kama moyo wako uko kwenye kompyuta kweli, nenda, sikukatazi, lakini panga miaka zaidi.

Zile krediti za bei nafuu, za majukwaa ya kujisomea mtandaoni kama Sophia, Study.com na wenzao, hutegemea mapendekezo ya ACE, baraza la elimu ya juu la Marekani. Neno ni pendekezo. Chuo kina haki ya kukataa, na vingine hukataa. Kwa hiyo utaratibu ni huu, na usiugeuze: chagua chuo kwanza, pata kutoka kwao kwa maandishi orodha ya masomo wanayoyapokea na yanaingia badala ya lipi, ndipo ulipie jukwaa. Majukwaa yanayotoza kwa mwezi yanamfaa aliye na muda. Usijiandikishe msimu wa korosho, wakati unatoka ghalani usiku. Utalipia mwezi mzima usome siku nne.

WGU uliyoitaja, yaani Western Governors University, ya ada moja kwa miezi sita, hiyo hupokea wakazi wa Marekani, ondoa kwenye orodha. University of the People, chuo cha mtandaoni kilichoanza 2009, haitozi ada ya mafunzo ila hutoza ada ya mitihani kwa kila kozi. Ina kompyuta na uongozi wa biashara.

Sasa la TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huandika wazi kwamba aliyesoma nje vyeti vyake viwe vimehakikiwa na mamlaka husika, TCU kwa vyuo vikuu. Kusomea sebuleni Nachingwea hakukifanyi cheti kiwe cha Tanzania. Kabla ya kulipa hata senti, waandikie TCU jina la chuo, shahada, kwamba ni kwa mtandao, na kwamba sehemu kubwa ni krediti za kuhamisha. Hilo la mwisho usilifiche. Jibu ulitunze. Ithibati ya chuo itafute kwenye orodha ya taasisi iliyoitoa, si kwenye ukurasa wa chuo chenyewe, maana ithibati bandia zimejaa. Na ukiona mizunguko imekuwa mingi, Chuo Kikuu Huria kina vituo Lindi na Mtwara, na cheti chake hakihitaji uhakiki wa vyeti vya nje. Piga bei ya huko pia, uiweke kwenye karatasi zako.

Mambo madogo yanayoangusha watu: kazi inayofungwa saa 5:59 usiku kwa saa za New York, kwetu ni saa 1:59 asubuhi ya kesho yake; lakini kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba wao husogeza saa, inakuwa saa 12:59. Tuma jioni ya kabla. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikazorota nchi nzima, kwa hiyo pakua masomo mapema. Kompyuta ya mtihani iwe na kamera na betri inayokaa saa mbili bila umeme.

Jina lako kwenye cheti cha kidato cha nne lina herufi moja tofauti na la diploma. Lirekebishe sasa, kabla ya tathmini. Tathmini omba ya somo kwa somo, siyo ile ya jumla. Ya jumla ni rahisi lakini haihamishi krediti. Omba na maelezo ya kila somo chuoni kwako, yenye mada na saa, yagongwe mhuri.

Transkripti nyingine chuo chako kitaituma chenyewe moja kwa moja kwa wanaothamini vyeti. Ile iliyoletwa kwenye bahasha ya kaki ipo kabatini, chini ya kanga, sijaifungua. Ukija usiifungue na wewe. Mhuri ukishachanika si rasmi tena.

Mama yako