Metfomini, mionzi na mbegu za kiume

SWALI: Mhariri, nina miaka 29 na mwezi ujao naanza tiba ya mionzi ya saratani ya puru. Nasikia metfomini (dawa ya kisukari), melatonini (homoni ya usingizi) na vitamini E huzuia mionzi isiharibu mbegu. Nimeze kiasi gani?

JIBU: Usimeze kwa lengo hilo. Dawa hizo zimeleta matokeo mazuri kwa panya, lakini kwa binadamu hakuna iliyothibitishwa kulinda uzazi wakati wa tiba. Vitamini E kwa dozi kubwa yaweza hata kuzikinga seli za saratani tunazotaka zife. Kama metfomini unapewa kwa ajili ya kisukari, endelea nayo na umjulishe daktari wako wa mionzi.

Kinga ya kweli ni kugandisha mbegu, tena kabla ya kikao cha kwanza cha mionzi au kemotherapi. Omba rufaa wiki hii. Kaa siku 2 hadi 3 bila kumwaga, kisha utoe sampuli. Muda ukiruhusu, toa 2 au 3. Usitumie mate wala mafuta, kwani huweza kudhuru mbegu. Ukitolea nyumbani, kichupa kifike maabara ndani ya saa 1, kikiwa karibu na mwili kisipoe. Zikishagandishwa kwa nyuzi -196, hudumu miaka mingi. Hata sampuli hafifu itunzwe: kwa kudunga mbegu ndani ya yai, yai moja lahitaji mbegu moja tu.

Muulize pia mtaalamu wako makadirio ya dozi itakayofika kwenye korodani. Kuanzia takriban grei 0.15 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) mbegu hupungua kwa muda. Kwenye grei 2 hadi 3 zaweza kutoweka kwa miaka. Na dozi ikigawanywa siku kwa siku, korodani huumia zaidi, tofauti na viungo vingi. Kikinga cha risasi husaidia, ila hakizuii mionzi inayotawanyika kupitia ndani ya mwili.

Baada ya tiba, zuia mimba kwa miezi 6 hadi 12, kisha upime shahawa. Usijipime kwa nguvu za kiume: seli zinazotengeneza testosteroni, homoni ya kiume, hustahimili mionzi kuliko seli zinazozaa mbegu, kwa hiyo hamu yaweza kubaki ilhali mbegu hakuna. Na ukishauriwa sindano za testosteroni, sema kwanza kwamba unataka mtoto, maana sindano hizo huzima utengenezaji wa mbegu.