Anasikia, ila maneno hayana maana

*Juzi asubuhi, baada ya chai, baba alianza kuongea mfululizo maneno yasiyoshikana. Mikono na miguu ni mizima. Nikimwambia alete ndoo, analeta kandambili. Majirani wanasema tumpeleke kwa mganga. (Mbagala)*

Mdogo wangu, mpeleke hospitali leo hii. Kiharusi si lazima kipinde mdomo au kilegeze mkono. Damu isipofika sehemu ya ubongo iliyo karibu na sikio la kushoto, ambako watu wengi ndiko wanakoelewea lugha, mtu hutembea na kusikia vizuri, ila neno likiingia halimletei picha yoyote. Mjerumani Carl Wernicke aliieleza hali hii mwaka 1874. Mara nyingi mgonjwa hajui kwamba haeleweki, ndiyo maana huwaka mnapomshangaa. Hajarogwa, wala hana wazimu. Na kwa wengine mnaosoma: ikitokea, kimbieni saa ileile, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze.

Msidanganyike pia mkimwamkia akaitika "Marahaba" sawasawa. Salamu, sala na kuhesabu mara nyingi hubaki, kwa kuwa ulimi umevizoea miaka mingi.

*Mama aliuza samaki soko la Feri miaka 20. Sasa changu, kibua na jodari wote anawaita "samaki". Jana aliniuliza, "Kibua ndiyo nini?" Lakini wageni wa juzi anawakumbuka wote! (Kigamboni)*

Hapo ndipo penye tofauti na usahaulifu tuliouzoea. Anayeanza kusahau matukio atakuuliza nani alikuja. Mama yako anajua nani alikuja, ila maana za maneno zinamponyoka. Ubongo unaposinyaa kwenye ncha za mbele za pande za masikio, hasa kushoto, majina mahususi hutangulia kupotea na yale ya jumla hubaki: kibua huwa samaki, baadaye samaki huwa "kile kitu". Ugonjwa huu huenda polepole na hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Mwone daktari wa mishipa ya fahamu. Nyumbani msimfanyie mtihani kila saa, inaumiza. Mpe kibua mkononi, akishike, akinuse.

*Tukipaza sauti, mgonjwa asiyeelewa maneno ataelewa? (Temeke)*

Hapana. Zimeni redio, aongee mmoja kwa wakati, sentensi fupi, na kitu kionyeshwe.

*Mume wangu aliumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda. Kiswahili kinamgomea, Kihaya kinakuja. Inawezekana? (Tabata)*

Inawezekana, dada. Lugha mbili za mtu mmoja si lazima zirudi pamoja. Ongeeni naye Kihaya bila kuona haya, na ulizeni hospitali kama kuna mtaalamu wa tiba ya usemi. Nafuu huja kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo, lakini nimeona watu wakipata maneno mapya hata baada ya mwaka, hivyo msiache kuzungumza naye.