Bibi wa Maabara Anajibu: Kiungo Kimoja Kati ya 146

*Shikamoo Bibi. Mwanangu ana miaka minne na ana sikoseli. Kliniki walituambia ugonjwa wote unatokana na kitu kimoja kidogo kilichobadilika kwenye protini ya damu. Kimoja tu? Kinawezaje kumliza mtoto usiku kucha, leo miguu, kesho mgongo? Na mbona wanasisitiza maji na sweta kama vile ndiyo dawa? Halafu jirani yangu ananiambia nishukuru Mungu, eti mtoto wa sikoseli haugui malaria.*
*Mama, Sengerema*

Marahaba mwanangu, pole na kuuguza. Nianze na huyo jirani, maana la malaria haliwezi kusubiri. Anayekingwa ni mtu aliyerithi jeni ya sikoseli kwa mzazi mmoja tu, yule ambaye kwenye karatasi yetu tunamwandikia AS. Yaani wewe mwenyewe na baba mtoto, karibu kwa hakika. Mwanao ni SS, kaichukua kwenu nyote wawili, na kwake malaria ni hatari kuliko kwa mtoto mwingine yeyote hapo mtaani. Chandarua kila usiku, na kliniki wakimpa dawa ya kukinga malaria asiruke hata dozi moja. Jirani kasikia nusu ya habari. Nusu yenyewe ni kweli: Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mengi mwaka 1949 akakuta jeni hiyo imejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye mbu, ila kule nyanda za juu kwenye baridi ni ya kutafuta. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba wenye jeni moja wana kinga dhidi ya malaria. Wenye jeni moja, mama. Mwambie.

Sasa hicho kitu kimoja. Nilipokuwa bado kazini, hospitali ya wilaya, kipimo chetu cha sikoseli kilikuwa hivi. Unachukua tone la damu ya kidoleni, unaliweka kwenye slaidi, unaongeza tone la metabaisalfaiti ya sodiamu uliyoichanganya asubuhi hiyohiyo (iliyolala haifai, na wako wanafunzi walionipa majibu ya uongo kwa kutumia iliyolala). Unafunika kwa kioo chembamba, unaziba kingo zake kwa vaselini hewa isipenye. Ile kemikali kazi yake ni kumaliza oksijeni iliyobaki humo ndani. Ukichungulia kwenye hadubini papo hapo, chembe nyekundu ni za mviringo, laini, zinapishana zikigusana bila shida. Unaendelea na vipimo vingine. Ukirudi baada ya nusu saa, kama damu ina sikoseli, unakuta zimepinda, zimekuwa ndefu, ngumu, zina ncha mbili kali, zimekwamana. Hatukuzitia sumu. Tulizinyima oksijeni, basi.

Hapo ndipo jibu lako lilipo. Chembe nyekundu imejaa protini inayoitwa himoglobini, ndiyo inayobeba oksijeni kutoka kwenye mapafu. Protini yoyote ni mnyororo wa viungo vidogo viitwavyo asidi amino, na aina zake ni 20. Mnyororo haukai umenyooka. Viungo vinavyopenda maji hutafuta kukaa nje, vinavyoyakimbia hujificha ndani, na kwa kuvutana huko mnyororo unajikunja mpaka unapata umbo lake. Umbo hilo ndilo linalofanya kazi. Himoglobini ina minyororo minne iliyoshikana: miwili ya alfa yenye viungo 141 kila mmoja, miwili ya beta yenye viungo 146. Kila mnyororo umepakata chuma kidogo, na kila chuma kinabeba oksijeni moja. Max Perutz alianza kuichunguza pale Cambridge mwaka 1937 kwa miale ya eksirei, na umbo lake hakulipata mpaka mwaka 1959. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba himoglobini ikiwa imebeba oksijeni ina mkao mmoja, na ikiishusha minyororo inajigeuza kidogo, inakuwa na mkao mwingine. Mkao huo wa pili ndio unaomtesa mwanao.

Kwenye kiungo cha sita cha mnyororo wa beta, mimi na wengine wa AA, tusio na jeni ya sikoseli, tuna asidi ya glutamiki. Hiyo ina chaji hasi, inapenda maji, imekaa zake nje inaelea vizuri. Mwanao mahali hapohapo ana valini. Valini inakimbia maji kama mafuta juu ya mchuzi, lakini ndiyo hivyo, imewekwa nje na haina pa kujificha. Oksijeni ikiwepo hakuna tatizo, himoglobini yake inabeba mzigo kama yangu. Oksijeni ikishuka, mkao ukabadilika, kwenye himoglobini ya jirani yake panafunguka kishimo kidogo, pale viungo vya 85 na 88 vya beta vilipo, na navyo vinakimbia maji. Valini inaingia humo. Hiyo ya pili nayo inashikwa na ya tatu, ya tatu na ya nne, hadi inakuwa kamba ndefu ya nyuzi 14 zilizosokotana. Ndani ya chembe moja kuna himoglobini kama milioni 270. Kamba zikijaa humo zinaisukuma chembe kutoka ndani mpaka inapinda, nayo inakwama kwenye mishipa myembamba. Nyama na mfupa wa mbele yake havipati damu. Hayo ndiyo maumivu ya miguu na mgongo.

Kuna watu Afrika Magharibi ambao kiungo hichohicho cha sita kimebadilika pia, ila kwao imeingia lisini badala ya valini. Lisini inapenda maji, haina haja ya kuingia kishimoni. Mwenye himoglobini hiyo, tunaiita C, hata akirithi kwa wazazi wote wawili anaishi na upungufu mdogo wa damu tu. Mahali ni palepale na kosa ni moja vilevile. Kwa hiyo usijiulize tu ni vingapi vimebadilika, uliza kilichoingia kina tabia gani na kimekaa wapi.

Kama unashangaa waliyajuaje haya: Linus Pauling na wenzake huko Marekani, mwaka 1949, walipitisha umeme kwenye himoglobini za watu wa sikoseli wakaona haziendi kwa mwendo wa za wengine, kwa sababu zimepungukiwa chaji. Mwaka 1956 Vernon Ingram, Cambridge, akaikata protini vipande kwa kimeng'enya cha tripsini, akavitandaza kwenye karatasi, akakuta vipande vyote vinafanana na vya mtu asiye na sikoseli isipokuwa kimoja.

Maji na sweta, basi. Kamba zile hazitokei mara moja, zinahitaji muda kidogo kuanza. Chembe ikipita haraka kwenye mshipa mwembamba na kurudi mapafuni kabla hazijaanza, inavuta oksijeni, inasalimika. Ni suala la kuwahi. Mtoto akiishiwa maji, kwa jua, kuharisha au homa, chembe zake nazo zinapungukiwa maji, himoglobini inabanana, na ikibanana hata kidogo ule muda unafupika sana. Baridi nayo inabana mishipa, chembe zinachelewa njiani. Kwa hiyo sweta ya asubuhi na kikombe cha maji kila mara si mambo ya kukupa moyo tu, vinagusa chanzo chenyewe. Na shuleni atakapoanza, mwalimu aambiwe mapema kwamba huyu anaruhusiwa kunywa maji na kwenda chooni wakati wowote. Hili watu wanalisahau, na mtoto anaogopa kunyanyua mkono.

Labda ulishaona kwamba alipokuwa mchanga hakuwa na shida. Sehemu kubwa ya mimba na miezi ya mwanzo mtoto hutumia zaidi himoglobini nyingine, ya kichanga, isiyo na beta kabisa, ina mnyororo mwingine uitwao gama mahali pake. Hiyo haikai kwenye kamba, na ikichanganyika na S, yaani himoglobini ya sikoseli, inazivuruga kamba zisiendelee. Kuanzia kama miezi sita inapungua, matatizo yanaanza. Vidonge vya haidroksiyurea vinafanya mwili uendelee kuitengeneza hiyo ya kichanga. Kama daktari hajakutajia dawa hiyo, itaje wewe, na ukubali vipimo vya damu vinavyoambatana nayo, maana inaweza kushusha chembe nyeupe. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni ili kuiamsha himoglobini ileile ya kichanga. Kule Marekani bei yake inazidi dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Sisi tuulizie kidonge.

Mkipanga mtoto mwingine, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa SS. Kila mimba, si kwamba huyu ameshaichukua hiyo moja na watatu wanaofuata wamesalimika. Nimewaona wazazi waliohesabu hivyo.

*Bibi, baba yangu anachoma insulini. Dawa ya presha anameza, ya tumbo anameza, hii tu ndiyo sindano, na amechoka. Hakuna ya vidonge? Pia wiki iliyopita chupa iliwekwa kule juu kwenye friza ikaganda. Imeyeyuka na ni safi kabisa, haina uchafu. Aitumie?*
*Kijana, Mbagala*

Asiitumie. Nakujibu la pili kwanza kwa sababu huenda chupa iko mkononi.

Insulini ni protini, ndogo, viungo 51 kwenye minyororo miwili, mmoja 21 na mwingine 30, imefungwa pamoja kwa vishikizo vya salfa. Seli za mwili zinaitambua kwa umbo lake. Ikiganda, umbo linaweza kuharibika na protini zikashikana hovyo, na nguvu yake huwezi tena kuitegemea. Macho yako hayawezi kukwambia. Maji ni maangavu vilevile, lipo tu tatizo kwamba baba atachoma kipimo chake cha kawaida na sukari itapanda usijue sababu. Insulini ile ya maziwamaziwa ni kawaida yake kuwa na ukungu, ila ukiizungusha taratibu viganjani ikabaki na mabonge, nayo tupa.

Kuhusu kumeza: tumbo halijui kwamba hiki ni dawa na kile ni maharage. Asidi inaikunjua, vimeng'enya vya tumboni na vya utumboni vinaikata vipande, inaishia kuwa lishe. Dawa ya presha ni molekuli ndogo isiyo na mikunjo ya kuharibiwa, ndiyo maana inapita. Viko vidonge vya kisukari, lakini si insulini, na kama daktari amemwandikia sindano asibadilishe kwa kushauriwa na mtu wa kijiweni.

Mwulize pia anatumia insulini ya aina gani, kwa sababu saa ya kuchoma inategemea umbo. Kwenye chupa insulini ya kawaida inakaa makundi ya sita sita yameshikwa na zinki, na lazima yaachane ndipo iingie kwenye damu, ndiyo maana anaambiwa achome kama nusu saa kabla ya kula. Aina inayoitwa lispro walibadilishana viungo viwili tu, cha 28 na cha 29 kwenye ule mnyororo mrefu, makundi yakawa mepesi kuachana. Hiyo anachoma chakula kikiwa mezani. Akichoma lispro halafu wali bado uko jikoni, sukari itamshuka. Mwanasayansi Dorothy Hodgkin aliipiga insulini picha ya kwanza ya eksirei mwaka 1935 na umbo lake alilikamilisha mwaka 1969, na bila kazi hiyo nani angejua viungo vipi viguswe?

Chupa ambazo hazijafunguliwa ziwekwe sehemu ya chini ya friji, mbali na friza. Inayotumika inaweza kukaa nje kivulini kama wiki nne, soma karatasi yake. Umeme ukikatika siku nyingi, chungu cha maji kwenye kona yenye hewa, chupa ikiwa ndani ya mfuko mkavu uliofungwa, kinasaidia kuliko kuiacha juu ya kabati chini ya bati.

*Bibi, eti supu ya makongoro inaongeza ute wa magoti?*
*Dereva wa bodaboda, Morogoro*

Haiendi magotini, baba. Kilichomo kwenye makongoro ni kolajeni, protini yenye minyororo mitatu iliyosokotana, na kila kiungo cha tatu ni glisini kwa sababu ndiyo ndogo pekee inayoenea katikati. Ukiichemsha saa nyingi msokoto unafunguka, inakuwa jeletini, ndiyo ile inayoganda sufuria ikilala. Ukiinywa inakatwakatwa kama protini nyingine yoyote na mwili unaamua wenyewe vipande uvipeleke wapi. Msokoto wa kolajeni yako mwenyewe unahitaji vitamini C ili ukaze, kwa hiyo ndimu usiiache, ila ikamulie kwenye bakuli likiwa limepoa kidogo. Kama goti limevimba au linakwama ukishusha mguu wa pikipiki, nenda ukapimwe. Supu endelea nayo, ni tamu.