Maswali ya Wasomaji: Meshi Njema Hujulikana kwa Nini?

Swali: Naigiza kwa kompyuta mtiririko wa maji kwenye bomba lenye tawi. Ripoti ya ukaguzi inasema nyuso mbovu (kuta zinazotenganisha seli) ni 14 tu katika meshi, yaani wavu unaogawanya nafasi ya maji, ya seli milioni 2, na wastani wa ubora ni mzuri. Hata hivyo hesabu inalipuka, namba zikikua bila kikomo, kwenye mzunguko wa 40 hivi. Kweli nyuso 14 zinaweza kuangusha kazi yote?

Jibu: Zinaweza, na hata moja inatosha. Kila seli hulishwa na jirani zake. Seli moja ikitoa shinikizo lisilo na maana, jirani hulipokea kama lilivyo na kulipitisha mbele. Kwa hiyo soma ripoti kuanzia thamani mbaya kuliko zote, kisha uliza iko wapi. Wastani uje mwisho.

Vipimo viwili ndivyo vyenye habari kubwa. Cha kwanza ni mkengeuko wa pembe. Chora mstari kutoka kitovu cha seli moja hadi kitovu cha jirani yake, upime pembe kati ya mstari huo na ule unaosimama wima juu ya uso unaozitenganisha. Ikiwa nyuzi 0, solva (programu inayotatua milinganyo) hupata mteremko wa shinikizo moja kwa moja. Pembe ikikua, hulazimika kuongeza kisahihishi kinachokokotolewa kwa majibu ya mzunguko uliopita, na ukubwa wake hufuata tanjenti ya pembe: nyuzi 45 hutoa 1, nyuzi 70 hutoa 2.7, nyuzi 80 hutoa 5.7. Kisahihishi kikubwa kiasi hicho, tena kilichochelewa mzunguko mzima, ndicho kinachoyumbisha hesabu. Ndiyo sababu checkMesh, amri ya kukagua meshi katika programu ya OpenFOAM, huanza kuonya kwenye nyuzi 70.

Cha pili ni upogo, yaani umbali kati ya kitovu cha uso na mahali mstari ule unapoutoboa, ukilinganishwa na ukubwa wa uso. Upogo kwa kawaida hula usahihi kabla ya kulipua hesabu, kwa kuwa thamani inakadiriwa mahali pasipo katikati ya uso. checkMesh hulalamika ukizidi 4. Usiuchanganye na upogo wa Fluent, programu nyingine ya uigizaji, unaokwenda 0 hadi 1 na unaotakiwa usizidi 0.95. Jina ni moja, mizani ni mbili.

Orodha za nyuso mbovu huandikwa kwa majina nonOrthoFaces na skewFaces. Amri `foamToVTK -faceSet nonOrthoFaces` huzigeuza uzione kwenye ParaView, programu ya kuonyesha picha za matokeo, juu ya umbo lako. Kwa bomba lenye tawi, tazama kwanza pembe kali ya makutano, ile kabari nyembamba ambamo hakuna seli ya umbo zuri inayoweza kuenea. Kulainisha meshi hapo ni kupoteza muda. Rekebisha mchoro wenyewe: tia mviringo mdogo kwenye makutano, wenye nafasi ya angalau seli 3 au 4, kisha jenga meshi upya. Zikibaki nyuso chache kati ya nyuzi 70 na 80, weka `nNonOrthogonalCorrectors` (idadi ya marudio ya kisahihishi) 1 au 2 na utumie `limited corrected 0.5`, inayokipunguza kisahihishi. Zikipita 85, achana na mipangilio ya solva, urudi kwenye meshi.

Swali: Nimeweka tabaka 5 za prizimu (seli bapa zilizopangwa kufuata ukuta) ukutani, na natumia modeli ya msukosuko ya k-omega SST. Zinatosha?

Jibu: Idadi ya tabaka hutoka mwishoni mwa hesabu, haiwi mwanzo wake. Chukua mfano wa hewa inayopita kwa 20 m/s juu ya sahani bapa ya mita 1, mnato kinematiki ukiwa 1.5×10⁻⁵ m²/s. Namba ya Reynolds (Re), yaani kasi mara urefu (L) ikigawanywa kwa mnato, ni milioni 1.33. Mgawo wa msuguano, 0.058 × Re⁻⁰·², ni takriban 0.0035. Kasi ya msuguano, yaani kasi ya hewa mara kipeuo cha pili cha nusu ya mgawo huo, ni 0.83 m/s. Gawanya mnato kwa kasi hiyo upate kizio cha umbali; y+ ni umbali kutoka ukutani ukipimwa kwa kizio hicho. SST ikihesabu mtiririko hadi ukutani hutaka y+ ya karibu 1, nayo iko 0.018 mm kutoka ukutani.

Hapo wengi hukosea. Katika solva inayohifadhi thamani kwenye kitovu cha seli, umbali huo ni hadi kitovu. Kimo chote cha seli ya kwanza ni 0.036 mm.

Unene wa tabaka la mpakani (eneo karibu na ukuta ambamo hewa hupunguzwa kasi), 0.37 × L × Re⁻⁰·², ni kama 22 mm. Ukifanya kila tabaka kuwa mara 1.2 ya lililotangulia utahitaji tabaka 27 kuufunika. Tano zako zingefika 0.27 mm tu. Tabaka la 27 lina kimo cha 4 mm hivi, basi seli za nje zianze na 4 hadi 5 mm. Ukiziweka 20 mm, mruko ule unaharibu mteremko wa kasi uliougharimia kwa tabaka zote.

Ukitumia kanuni za ukutani, yaani fomula zinazokadiria mtiririko karibu na ukuta badala ya kuuhesabu, lenga y+ kati ya 30 na 300. Kwa y+ ya 50 seli ya kwanza ni 1.8 mm, na tabaka 7 zinatosha. Kati ya 5 na 30 epuka. Baada ya kuendesha, soma y+ halisi. Makadirio ya sahani bapa hayajui kona wala mahali mtiririko unapobanduka.

Swali: Seli zangu za ukutani ni ndefu mara 140 kuliko kimo chake. Nizikate?

Jibu: Hapana, ikiwa zimelala kufuata mtiririko. Kasi hubadilika haraka kuelekea ukuta na polepole kando yake. Uwiano huohuo katikati ya mtiririko unaopinda ni kasoro.

Swali: Meshi imepita ukaguzi wote. Je, jibu ni sahihi?

Jibu: Bado. Ukaguzi hutazama maumbo; hauoni kama seli ni ndogo kiasi cha kushika fizikia. Endesha meshi tatu, ukigawanya ukubwa wa seli kila mahali kwa 1.5: tuseme seli 600,000, milioni 2.03 na milioni 6.83. Mgawo wa ukinzani ukitoka 0.342, 0.324 na 0.316, tofauti ni 0.018 na 0.008. Uwiano wake ni 2.25, sawa na 1.5², basi mpangilio wa usahihi ni 2 (kosa hupungua kwa mraba wa ukubwa wa seli), na jibu linaelekea 0.3096. Kwa njia ya Roache ya kukadiria kosa la meshi, yenye kigezo cha usalama 1.25, shaka ya meshi yenye seli ndogo kuliko zote ni asilimia 2.5. Tofauti zikibadilisha alama, kwa mfano jibu likishuka kisha likapanda, usitumie kanuni hiyo. Hakikisha kwanza kila hesabu imetulia, kisha punguza zaidi ukubwa wa seli.