Mwalimu anataka nibaki wenzangu wakiondoka

Mama, shikamoo. Nina miaka 26, naishi Nyalenda. Kila Jumamosi huenda Milimani kutafakari na kikundi cha Wabudha. Mwalimu huniambia nibaki nyuma anipe "mafunzo ya siri". Juzi alinishika paja. Nikikataa, nitakuwa na kiburi?
Msomaji, Kisumu

Marahaba, binti yangu. Kiburi anacho huyo aliyekushika paja. Mimi ni Mwanglikana, mwanakwaya wa sauti ya tatu, na haya yametufika hata sisi. Lakini nimejisomea ya kwenu. Mtawa wa Kibudha akilala na mtu, utawa wake umekwisha palepale. Kumgusa mwanamke kwa tamaa ni kosa zito. Hata kuketi naye mafichoni, wawili tu, kunaweza kumweka kitimoto. Asiye mtawa naye anafungwa na kanuni ya tatu kati ya tano: asitende uovu wa zinaa. Sasa siri gani hiyo? Mwaka 1993 Dalai Lama, kiongozi wa Wabudha wa Tibet, na walimu wa Kibudha wa Magharibi walikutana Dharamsala, India, wakahimiza dhuluma za walimu zisemwe hadharani.

Jumamosi usibaki. Andika tarehe na maneno yake, kisha uwaone wasimamizi ukiwa na mwenzako. Wadai mazungumzo ya wawili yafanyike mlango wazi, na malalamiko yapokewe na mtu asiye mwalimu. Wakikuambia uvumilie, eti ni karma yako, yaani malipo ya matendo yako ya zamani, ondoka, hata chai yao iwe tamu namna gani. Kisha piga 1195, simu ya msaada kwa dhuluma za kijinsia, ni bure, au uende dawati la jinsia polisi.