Mama wa aliyejenga jumba lile

Mwanangu,

Picha uliyonitumia, umesimama chini ya ukuta wa mawe wa Palazzo Strozzi hapo Florence, nimeitazama hadi dada yako akaninyang'anya simu. Na swali lako halijaniacha: "Mama, miaka yote uliyofundisha historia ulituambia Renesansi, ule mwamko wa sanaa na elimu, iliwabadilisha Waitalia. Iliwabadilisha kweli, au matajiri walijijengea majumba tu?"

Nitakujibu kwa kukupeleka kwa mama wa mwenye jumba hilo. Filippo Strozzi alianza kulijenga mwaka 1489. Mama yake, Alessandra, alikuwa amefariki tangu 1471. Mumewe alifukuzwa Florence mwaka 1434, Cosimo de' Medici, tajiri wa benki, aliposhika hatamu za mji. Mwaka uliofuata mume huyo akafa kwa tauni uhamishoni, katika mji wa Pesaro, na watoto wao watatu wakamfuata. Mjane akabaki na watano. Wavulana walipokua walikwenda nje kujifunza biashara kwa ndugu wa baba yao, naye akawa anawaandikia. Zaidi ya barua 70 zimebaki hadi leo.

Hizo barua ndizo jibu langu la kwanza. Hakuandika Kilatini cha wasomi, aliandika Kitoskana, lugha ya watu wa kwao, cha jikoni na sokoni: nani anaumwa, kodi imepanda kiasi gani, shati la Filippo limekwisha kushonwa. Florence ulikuwa mji wa wafanyabiashara, na biashara haiendi bila daftari. Tangu miaka ya 1330 Giovanni Villani, mwandishi wa habari za mji huo, aliandika kwamba watoto wanaojifunza kusoma mjini humo, wa kiume na wa kike, walikuwa kati ya 8,000 na 10,000. Kalamu ilishatoka mikononi mwa mapadri ikaingia nyumbani. Hilo kwangu ni badiliko kubwa kuliko sanamu yoyote.

Sasa soma naye barua ya tarehe 24 Agosti 1447. Anamwambia Filippo, aliyekuwa Naples, kwamba wamemposa Caterina, binti wa miaka 16. Mchumba ni Marco Parenti, mtengenezaji wa hariri. Kumbuka kule mahari ilitoka kwa upande wa binti. Alessandra anatoa florini 1,000, sarafu za dhahabu za Florence. Ili kumpeleka kwenye ukoo mkubwa zaidi, anasema, ingebidi atoe 1,400 au 1,500, na hilo lingewafilisi. Kwa hiyo binti wa Strozzi, jina la kale, anaolewa na familia yenye jina dogo na fedha nyingi. Hapo unauona mji ukipanga upya nani ni nani. Marco naye akamtengenezea mchumba gauni la mahameli ya hariri nyekundu, na kilemba cha manyoya na lulu. Mama anapiga hesabu: Caterina akitoka nje atakuwa amevaa zaidi ya florini 400 mwilini. Nikifika hapo huwa nasimama. Namsikia akijivunia mwanawe, na papo hapo namsikia akihesabu.

Nusu ya mahari hiyo ilitegemea mfuko wa serikali ulioanzishwa mwaka 1425. Mzazi aliweka fedha binti akiwa mdogo, na baada ya miaka kadhaa, binti akiolewa, mfuko ukamlipa mumewe mahari pamoja na faida. Mji nao ulipata fedha za kulipia vita na madeni. Ni akili ya kibenki ya hali ya juu, sikatai. Lakini mahari zilizidi kupanda, na wasichana wengi wa familia za heshima waliishia utawani kwa sababu baba hakuweza kuwaoza wote. Hawakuulizwa.

Na wako waliokuwa chini yao. Baada ya tauni kubwa ya 1348 watumishi waliadimika, na mwaka 1363 Florence iliruhusu kuingiza watumwa wasio Wakristo. Wengi walikuwa wanawake na wasichana waliotolewa pande za Bahari Nyeusi. Hata Alessandra, mama huyu ninayempenda, alikuwa na mjakazi aitwaye Cateruccia, na analalamika juu yake katika barua zizo hizo. Cateruccia hana barua hata moja.

Kwa hiyo ndiyo, walibadilika kweli, mwanangu, ila si wote kwa pamoja, na chombo kilichomfungulia mmoja mlango ndicho kilichompangia mwingine bei.

Jumamosi ukipata nafasi nenda Ospedale degli Innocenti, ile nyumba ya watoto waliotupwa, iliyochorwa na msanifu majengo Brunelleschi. Ilijengwa kwa fedha za chama cha watu wa hariri, kazi ileile ya Marco, ikafunguliwa mwaka 1445. Mtoto wa kwanza kupokelewa alikuwa wa kike, wakampa jina Agata. Wengi waliofuata walizaliwa na wajakazi ndani ya nyumba za mabwana. Juu ya nguzo kuna watoto wa udongo waliofungwa vitambaa, kazi ya mchongaji Andrea della Robbia. Nipigie picha yao, kwa karibu.

Mama yako